Sarvepalli Radhakrishnan

Sarvepalli Radhakrishnan (Tiruttani, 5 Septemba 1888 – Madras, 17 Aprili 1975) alikuwa mwanafalsafa, mwalimu wa chuo kikuu na mwanasiasa wa Uhindi. Alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa nchi hiyo (1952–1962), halafu Rais wake wa pili (1962–1967). Kabla ya kushika vyeo hivyo alikuwa ametumia zaidi ya miaka 40 katika kazi ya ualimu, akifundisha falsafa Madras, Mysore, Calcutta na Oxford.

Anakumbukwa hasa kwa mchango wake katika kuifanya falsafa ya Kihindi iwe somo la kufundishwa na kutafitiwa katika vyuo vikuu, nchini kwake na nje. Kazi hiyo ilianza na tasnifu ya shahada ya uzamili iliyochapishwa mwaka 1908, alipokuwa na umri wa miaka 20. Swali alilolijibu katika tasnifu hiyo alilirudia katika vitabu vyake karibu vyote.

## Utoto na familia

Radhakrishnan alizaliwa Tiruttani, mji mdogo wa mahujaji uliokuwa katika mkoa wa Madras chini ya utawala wa Waingereza. Leo mji huo uko katika jimbo la Tamil Nadu. Familia yake ilikuwa ya Wabrahmini waliozungumza Kitelugu. Baba yake, Sarvepalli Veeraswami, alikuwa mtumishi wa ngazi ya chini katika ofisi ya mapato ya mwenye ardhi wa eneo hilo. Mama yake aliitwa Sitamma. Fedha za nyumbani zilikuwa chache, na mtoto alisoma kwa msaada wa ufadhili tangu shuleni hadi chuoni.

Alianza shule mjini kwao. Mwaka 1896 alihamia shule ya misheni ya Kilutheri huko Tirupati, na baadaye akasoma katika Chuo cha Voorhees mjini Vellore. Mwaka 1903, akiwa bado kijana, aliozeshwa kwa Sivakamu, binti wa ukoo wake, kwa desturi ya wakati ule. Walipata mabinti watano na mtoto wa kiume mmoja, Sarvepalli Gopal, ambaye alikuja kuwa mwanahistoria mashuhuri.

## Masomo ya falsafa Madras

Baada ya Vellore alijiunga na Chuo cha Kikristo cha Madras. Alichagua somo la falsafa kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Ndugu yake mmoja aliyekuwa amemaliza masomo katika chuo hicho alimpa vitabu vyake vya falsafa, hivyo hakuhitaji kununua vingine.

Wakati huo Chuo Kikuu cha Madras kilikuwa na kazi tofauti na ile ya vyuo vikuu vya leo. Kilianzishwa mwaka 1857, pamoja na vile vya Calcutta na Bombay, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha London. Vyuo hivyo vitatu vilitunga mitihani na kutoa shahada, lakini ufundishaji ulifanyika katika vyuo vilivyoambatanishwa navyo. Vingi kati ya hivyo vilikuwa vya serikali au vya wamisionari. Mwanafunzi wa falsafa alisoma karibu wanafikra wa Ulaya tu. Mawazo ya Wahindi wenyewe yalihesabiwa kuwa sehemu ya dini au ya lugha ya Kisanskriti, na hayakuwekwa katika orodha ya falsafa.

Miongoni mwa walimu wake walikuwa William Skinner na Alfred George Hogg. Hogg alikuwa mmisionari kutoka Uskoti aliyechunguza kwa makini mafundisho ya Kihindu kuhusu karma. Hata hivyo, mara nyingi katika masomo ya chuo Uhindu ulielezwa kama imani isiyo na hoja za kutosha na isiyomwongoza mtu katika maisha mema. Lawama hizo zilimsumbua Radhakrishnan, aliyelelewa katika imani hiyo. Aliamua kuzichunguza: aone ni zipi zenye ukweli na ni zipi zilizotokana na kutojua maandiko.

## Tasnifu ya mwaka 1908

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili alitakiwa kuandika tasnifu. Radhakrishnan alichagua kuandika juu ya maadili ya Vedanta na misingi yake ya kimetafizikia. Vedanta ni mapokeo ya falsafa yanayojengwa juu ya Upanishadi, maandiko ya Kihindu ya kale. Tawi lake maarufu zaidi, Advaita, linalohusishwa na mwalimu Shankara, linafundisha kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu ni kitu kimoja na Brahman, yaani uhalisi wa mwisho.

Wapinzani wa fundisho hilo walikuwa na hoja nzito. Ikiwa ulimwengu ni maya, yaani mwonekano tu, basi mateso ya jirani nayo ni mwonekano, na hakuna sababu ya kumsaidia. Tena, ikiwa nafsi tayari ni moja na Brahman, hakuna kitu cha kutafuta wala kosa la kurekebisha. Kwa hiyo walisema kwamba Vedanta haina nafasi kwa maadili.

Jibu la mwanafunzi huyo lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, alidai kwamba umoja wa nafsi zote hauvunji wajibu kwa jirani, bali ndio unaoupa msingi: anayemdhuru mwingine anajidhuru mwenyewe, maana nafsi zao hazikutengana kabisa. Pili, alieleza kwamba umoja huo haujulikani kwa kusoma tu. Mtu anaufikia kwa kujitawala, kwa kuacha ubinafsi na kwa kutenda haki, hivyo maadili ni njia ya lazima ya kuufikia.

Aliiwasilisha kwa wasiwasi, kwa kuwa ilipingana na mambo yaliyoaminiwa na walimu wake Wakristo. Badala ya kukasirika, Hogg aliisifu na kusema kwamba mwandishi wake ameonyesha uelewa mzuri wa matatizo makuu ya falsafa. Tasnifu hiyo ilichapishwa Madras mwaka huohuo wa 1908. Ni kazi ya ujana, na ilitegemea tafsiri na vitabu vya Kiingereza kuliko matini asilia. Lakini ilimpa mwandishi wake swali la kufanyia kazi maisha yote: je, fikra za Uhindi zinaweza kusimama mbele ya hoja kama falsafa nyingine yoyote?

## Mwalimu wa Madras na Mysore

Mwezi Aprili 1909 aliajiriwa katika idara ya falsafa ya Presidency College, Madras. Huko alianza kuziba pengo la masomo yake. Alisoma Upanishadi, Bhagavad Gita, maandiko ya Wabuddha na ya Wajaini, na fafanuzi za walimu wa Vedanta kama Shankara, Ramanuja na Madhva. Wakati huohuo aliendelea kuwasoma Plato, Plotino, Kant, Bradley na Bergson. Aliandika makala kwa majarida ya Uhindi na ya Uingereza, na kwa njia hiyo jina lake likajulikana mbali kabla yeye mwenyewe hajasafiri nje ya nchi.

Mwaka 1918 aliteuliwa kuwa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Mysore, kilichokuwa na umri wa miaka miwili tu, akafundisha katika Chuo cha Maharaja. Alifanya kazi hapo pamoja na M. Hiriyanna, mtaalamu wa Kisanskriti ambaye baadaye aliandika kitabu kinachotumika hadi leo kama utangulizi wa falsafa ya Kihindi. Mwaka huohuo Radhakrishnan alichapisha kitabu juu ya falsafa ya mshairi Rabindranath Tagore. Mwaka 1920 kilifuata kitabu cha pili, ambamo aliwashutumu baadhi ya wanafalsafa wa Ulaya na Marekani kwa kuacha imani zao za dini ziongoze hoja zao. Hapo mambo yaligeuka: lawama iliyokuwa ikitupiwa wanafikra wa Kihindi sasa iliwaangukia Wamagharibi.

Aliongea Kiingereza kwa ufasaha mkubwa na alifundisha bila kusoma kutoka kwenye karatasi. Wanafunzi walimpenda. Inasimuliwa kwamba siku alipoondoka Mysore waliwafungua farasi wa gari lake, wakalivuta wenyewe hadi stesheni ya reli.

## Kigoda cha Calcutta

Chuo Kikuu cha Calcutta kilikuwa cha kwanza nchini kujenga idara kubwa za masomo ya juu ndani ya chuo kikuu chenyewe. Aliyesukuma mabadiliko hayo alikuwa Asutosh Mukherjee, jaji na mtaalamu wa hisabati, aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo kuanzia 1906 hadi 1914 na tena kuanzia 1921 hadi 1923. Mwaka 1917 masomo yote ya uzamili yaliwekwa chini ya mabaraza maalumu ya chuo kikuu. Mukherjee alitafuta walimu kutoka kila upande wa Uhindi bila kujali lugha wala mkoa wao. Mmoja wao alikuwa mwanafizikia C. V. Raman, naye pia mtu wa kusini, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Mwaka 1921 Radhakrishnan alipewa kigoda cha Mfalme George V, kilichokuwa cheo kikubwa zaidi cha ualimu wa falsafa nchini. Alichukua nafasi ya Brajendranath Seal, msomi mashuhuri wa Bengali, aliyeondoka kwenda kuongoza Chuo Kikuu cha Mysore. Hivyo wasomi hao wawili walibadilishana miji.

Kazi yake kubwa ya miaka hiyo ni kitabu *Indian Philosophy*, kilichotolewa London katika juzuu mbili, mwaka 1923 na mwaka 1927. Aliombwa kukiandika na mwanafalsafa Mwingereza J. H. Muirhead kwa ajili ya mfululizo wa vitabu aliouhariri. Juzuu la kwanza linahusu Veda, Upanishadi, wayakinifu wa kale, Ujaini, Ubuddha wa mwanzo na Bhagavad Gita. Juzuu la pili linaeleza mifumo sita ya Kihindu: Nyaya, Vaisheshika, Samkhya, Yoga, Mimamsa na Vedanta. Katika kila sura mwandishi anauliza nini kinadaiwa, kwa hoja gani, na mwanafalsafa gani wa Ulaya alikabili tatizo la namna hiyo. Kwa njia hiyo msomaji asiyejua Kisanskriti aliweza kuona kwamba Wahindi walibishana kwa karne nyingi juu ya maarifa, visababishi, nafsi na uhuru.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1922 Surendranath Dasgupta, naye wa Bengali, alitoa Cambridge juzuu la kwanza la historia ya falsafa ya Kihindi iliyoendelea kutolewa kwa miaka mingi. Dasgupta alizama zaidi katika miswada na matini za Kisanskriti, ilhali Radhakrishnan alilenga zaidi maana na ulinganisho. Wanafunzi wa utafiti waliofuata walihitaji vyote viwili.

Mwaka 1925 Radhakrishnan alikuwa miongoni mwa walioanzisha Kongamano la Falsafa la Uhindi. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Calcutta chini ya uenyekiti wa Tagore. Kuanzia hapo walimu na watafiti wa falsafa kutoka vyuo mbalimbali walipata mahali pa kusoma makala zao na kukosolewa na wenzao. Mwaka uliofuata alikiwakilisha chuo chake katika kongamano la vyuo vikuu vya Dola la Uingereza, na katika Kongamano la Kimataifa la Falsafa lililofanyika Harvard, Marekani.

## Mgogoro na Jadunath Sinha

Miaka ya Calcutta ilikuwa pia na mgogoro mkali. Jadunath Sinha, msomi aliyekuwa mwalimu katika Chuo cha Meerut, alikuwa ameandika utafiti juu ya saikolojia ya utambuzi katika falsafa ya Kihindi. Kwa utafiti huo alishinda ufadhili wa Premchand Roychand, uliokuwa na heshima kubwa katika Chuo Kikuu cha Calcutta. Sehemu za utafiti wake zilipitia mikononi mwa wasahihishaji, akiwemo Radhakrishnan, kabla hazijachapishwa kama kitabu.

Mwaka 1929 Sinha alitangaza katika jarida la *Modern Review* la Calcutta kwamba vifungu kadhaa vya utafiti wake vilionekana katika juzuu la pili la *Indian Philosophy* bila jina lake kutajwa. Radhakrishnan alikanusha. Alijibu kwamba wote wawili walieleza matini zilezile za Kisanskriti, na kwamba kufanana kwa tafsiri na maelezo hakukuepukika. Sinha alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Calcutta. Radhakrishnan naye akawashtaki kwa kuchafua jina Sinha pamoja na Ramananda Chatterjee, mhariri wa jarida hilo.

Kesi hizo zilimalizwa mwaka 1933 kwa mapatano nje ya mahakama, na masharti yake hayakutangazwa. Kwa kuwa hukumu haikutolewa, waandishi bado wanatofautiana: wengine wanaona Sinha alidhulumiwa, wengine wanaona madai yake yalitiwa chumvi. Mwaka 1934 Sinha alichapisha utafiti wake kwa jina lake, na baadaye aliandika vitabu vingi vya historia ya falsafa ya Kihindi.

Kisa hicho kinatajwa mara nyingi katika mijadala ya utafiti nchini Uhindi kwa sababu kinaonyesha udhaifu wa mfumo wa wakati ule. Tasnifu ya mtafiti kijana ingeweza kukaa miaka mingi bila kuchapishwa, huku ikisomwa na wakubwa wake tu. Kukiwa na ubishi, mtafiti huyo hakuwa na njia rahisi ya kuthibitisha kilicho chake.

## Mawazo yake

Radhakrishnan alifuata Advaita, lakini aliifafanua upya. Kwake, maya haimaanishi kwamba ulimwengu haupo. Inamaanisha kwamba ulimwengu haujitegemei: upo kwa sababu ya Brahman, na hauwezi kueleweka kikamilifu peke yake. Kwa tafsiri hiyo kazi, familia, siasa na huduma kwa maskini hubaki na uzito wake.

Pili, alifundisha kwamba kuna namna ya kujua inayopita hisi na hoja, ambayo aliiita utambuzi wa moja kwa moja. Hakuona kwamba inapingana na akili. Aliifananisha na ugunduzi wa mwanasayansi au uumbaji wa msanii, ambao huja kwa ghafla baada ya kazi ndefu, kisha lazima upimwe kwa hoja. Mawazo hayo aliyaeleza hasa katika mihadhara ya Hibbert, iliyochapishwa mwaka 1932.

Tatu, aliamini kwamba dini zote kubwa zinatokana na uzoefu wa aina moja wa kiroho, ingawa kila jamii huueleza kwa lugha yake. Kwa msingi huo alitetea uvumilivu wa kidini, na baadaye alitetea dola isiyopendelea dini yoyote.

Wahakiki walikuwepo tangu mwanzo. Baadhi walisema kwamba aliupima Ubuddha, Ujaini na matawi mengine ya Uhindu kwa kipimo cha Advaita, kana kwamba yote ni ngazi za kufikia fundisho moja. Wengine walisema kwamba alipoulinganisha Uhindu na Ukristo alichagua yaliyo bora kwa upande wake, na kwamba utetezi wake wa mpangilio wa matabaka kama mgawanyo wa kazi haukuangalia vya kutosha maumivu ya waliowekwa chini. Hata hivyo wengi wa wahakiki hao walianzia kwenye vitabu vyake.

## Oxford, Andhra na Banaras

Mwaka 1926 alialikwa kutoa mihadhara ya Upton mjini Oxford juu ya mtazamo wa Kihindu kuhusu maisha. Mihadhara hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1927 na ilisomwa sana. Mwaka 1931 Mfalme George V alimpa cheo cha heshima cha "Sir", lakini baada ya uhuru wa Uhindi hakukitumia, akapendelea kuitwa Daktari. Kuanzia 1931 hadi 1936 alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Andhra, kilichokuwa bado kichanga.

Mwaka 1936 alichaguliwa kuwa profesa wa kigoda cha Spalding cha dini na maadili ya Mashariki katika Chuo Kikuu cha Oxford, akawa Mhindi wa kwanza kuwa na kigoda cha uprofesa katika chuo hicho. Alikishika hadi 1952. Mwaka 1936 pia, akishirikiana na Muirhead, alihariri mkusanyo wa insha za wanafikra wa Kihindi waliokuwa hai, wakiwemo Gandhi, Tagore na K. C. Bhattacharyya. Mkusanyo huo ulionyesha kwamba falsafa ya Kihindi haikuishia zama za kale.

Mwaka 1939 Madan Mohan Malaviya, mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras, alimwomba achukue nafasi yake kama Makamu Mkuu wa Chuo. Alikiongoza hadi mwanzo wa mwaka 1948. Hiyo ilikuwa miaka migumu. Mwaka 1942, wakati wa harakati za kuwataka Waingereza waondoke, wanafunzi wengi wa Banaras walishiriki, na serikali ya kikoloni ilikitazama chuo hicho kama ngome ya waasi. Radhakrishnan alifanya kazi ya kukilinda kisifungwe, huku akiwasihi wanafunzi wasiache masomo.

## Tume ya vyuo vikuu

Uhindi ilipata uhuru mwaka 1947. Radhakrishnan alikuwa mjumbe wa Bunge la Katiba, na alikuwa mmoja wa wasemaji katika kikao cha usiku wa tarehe 14 Agosti. Mwaka 1948 serikali mpya ilimpa uenyekiti wa tume ya kuchunguza elimu ya vyuo vikuu. Miongoni mwa wajumbe walikuwemo mwanafizikia Meghnad Saha, mwanaelimu Zakir Husain, na wageni kutoka Uingereza na Marekani. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1949.

Tume ilipendekeza miaka 12 ya masomo kabla ya kuingia chuo kikuu, mishahara bora kwa walimu, vyuo vikuu vya vijijini, na kuhamia hatua kwa hatua kwenye lugha za Uhindi badala ya Kiingereza. Juu ya masomo ya uzamili na uzamivu ilitaka wanafunzi wachaguliwe kwa uangalifu kutoka nchi nzima. Masomo ya uzamivu yasipungue miaka miwili, na pamoja na tasnifu kuwe na mtihani wa mdomo. Ilionya pia kwamba mtafiti asiwe mtu wa kujua jambo moja dogo tu bila kuelewa uwanja mzima wa somo lake.

Pendekezo lililodumu kuliko yote ni la kuunda chombo cha kugawa fedha za serikali kwa vyuo vikuu. Chombo hicho, Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu, kilianza mwaka 1953 na kikapata nguvu ya sheria mwaka 1956.

## Maisha ya siasa

Radhakrishnan hakuwa mwanachama wa chama chochote wala hakuwahi kufungwa gerezani kwa ajili ya uhuru kama viongozi wengi wa kizazi chake. Aliingia katika uongozi kwa sifa yake ya usomi. Aliongoza ujumbe wa Uhindi katika UNESCO, kisha akawa balozi katika Umoja wa Kisovyeti (1949–1952).

Mwaka 1952 alichaguliwa kuwa Makamu wa Rais, na kwa nafasi hiyo aliongoza vikao vya baraza la juu la bunge. Mwaka 1954 alitunukiwa Bharat Ratna, nishani kuu ya nchi, katika kundi la kwanza kabisa la waliopewa. Mwaka 1956 alifika Nairobi, Kenya, akazindua sanamu ya Mahatma Gandhi katika chuo cha ufundi ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka huohuo mke wake Sivakamu alifariki dunia.

Tarehe 13 Mei 1962 aliapishwa kuwa Rais. Kipindi chake kilikuwa na misukosuko mingi: vita na China mwaka 1962, kifo cha Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru mwaka 1964, vita na Pakistan mwaka 1965, na kifo cha Lal Bahadur Shastri mwezi Januari 1966. Mara mbili alilazimika kumwapisha waziri mkuu wa muda ili nchi isikose kiongozi. Aliondoka madarakani tarehe 13 Mei 1967, na nafasi yake ikachukuliwa na Zakir Husain, aliyekuwa mwenzake katika tume ya vyuo vikuu.

## Miaka ya mwisho

Baada ya kustaafu alirudi Madras, akaishi kimya nyumbani kwake. Hata alipokuwa na kazi za serikali hakuacha kuandika: tafsiri zake zenye ufafanuzi za Bhagavad Gita (1948), Dhammapada (1950), Upanishadi kuu (1953) na Brahma Sutra (1960) zote zilitoka katika kipindi hicho. Mwaka 1975 alipewa Tuzo ya Templeton, miezi michache kabla ya kifo chake. Alifariki dunia tarehe 17 Aprili mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 86.

Mwaka 1989 mwanawe Gopal alichapisha kitabu juu ya maisha yake. Kilisifiwa kwa sababu hakikuficha mapungufu ya baba huyo, yakiwemo ya ndani ya ndoa.

## Urithi

Tangu mwaka 1962 tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa, huadhimishwa nchini Uhindi kama Siku ya Walimu. Inaelezwa kwamba wanafunzi na marafiki walipotaka kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, aliwaomba waifanye siku ya kuwaheshimu walimu wote.

Katika falsafa, vitabu vyake vya historia vimepitwa katika mambo mengi na tafiti za baadaye, hasa zile zinazotumia matini asilia kwa kina zaidi. Mkusanyo wa matini za falsafa ya Kihindi aliouhariri pamoja na Charles A. Moore mwaka 1957 bado unatumika katika vyuo vya nchi nyingi. Mwanafunzi wa falsafa nchini Uhindi leo anaweza kuandika tasnifu juu ya Nyaya, Ubuddha au Vedanta ndani ya idara ya falsafa, jambo ambalo mwaka 1908 lilikuwa la nadra.

Chuo Kikuu cha Madras, ambacho alipokuwa mwanafunzi hakikuwa na idara yake cha falsafa, kiliianzisha mwaka 1927. Sasa kina taasisi ya masomo ya juu ya falsafa inayoitwa kwa jina la Radhakrishnan, ambako wanafunzi wa uzamili na uzamivu hufanya utafiti wao.